Bolti Nne za Kivuli cha Milimani

Watu wakijua kazi yangu ni turubai, swali ni lile lile: kwa nini kivuli kimoja cha veranda kiuzwe kama ng'ombe wa maziwa na kingine kama kuku, na vyote viwili ni kitambaa na chuma? Huwa nawaambia ni kwa sababu ng'ombe hatagi mayai. Wanacheka, wanaenda zao. Jibu lenyewe ninalo, lakini nililipata kwa njia mbaya, na sipendi kumpa mtu aliyesimama mlangoni na haraka zake.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilikuwa na darasa la nne kutoka shule ya shamba kule Njoro, na mdomo. Darasa la nne lilinisaidia kusoma namba kwenye rula. Mdomo ulinisaidia kila mahali pengine. Nilifanya kazi kwa Mhindi mmoja nyuma ya stesheni ya Nakuru, ambaye sisi wote tulimwita tajiri. Tulishona matandiko ya kufunika mizigo ya lori, hema za watu wa kuwinda, na mara chache kivuli cha duka. Tulikuwa sita, lakini fundi alikuwa mmoja tu, mzee mwembamba mwenye ngozi iliyofungwa kwenye kiganja cha kulia ili asukume sindano bila kujitoboa. Sisi wengine tulikuwa watu wanaokaa karibu na fundi.

Hiyo ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari. Mtu wa kabila letu hakukaa Nakuru kwa sababu anaipenda Nakuru. Alikaa kwa sababu kuna tajiri ameweka sahihi kwenye pasi yake. Sahihi ikikatwa, unapandishwa lori na godoro lako, unarudishwa rizavu, ardhi tuliyotengewa, hata kama huko hujawahi kufika na hakuna anayejua wewe ni mtoto wa nani. Mimi nilizaliwa kwenye shamba la ngano la mzungu. Rizavu nilikuwa naisikia tu, kama vile watu wanasikia habari za jehanamu.

Mzee alikuwa na sababu kubwa kuliko yangu. Mke wake alikuwa na ugonjwa wa kifua, na kila Jumatatu na Alhamisi mzee alimpeleka hospitali ya Nakuru kupigwa sindano. Daktari alisema sindano zisikatike mpaka mwaka uishe. Kule walikotoka hakukuwa na sindano hiyo, kulikuwa na majani ya kuchemsha na watu wa kuomboleza. Kwa hivyo ile pasi ya mzee ndiyo ilikuwa mapafu ya mama huyo. Kila mtu karakana alijua hivyo. Hata tajiri alijua, ndiyo sababu Alhamisi hakuuliza mzee yuko wapi.

Basi ikaja kazi ya Milimani, mtaa wa wazungu juu ya mji. Memsahib mmoja aliagiza kivuli cha umeme kutoka Ulaya. Si cha kukunja kwa mkono, cha mota. Unabonyeza kitufe ukutani, turubai inatoka yenyewe polepole kama ulimi wa ng'ombe, unabonyeza tena, inarudi. Chuma na mota zilikuja kwa treni kwenye sanduku refu, lakini kitambaa kilioza njiani kwa maji ya bahari, kwa hivyo akamwambia tajiri ashone kingine na kuweka kila kitu.

Tajiri akamwita mzee, na mimi nikiwa pale nashika kamba.

"Serikali nasema kila tajiri punguza watu," akasema. "Mimi tabaki na wale natoa barua yao. Hii kivuli ikikaa vizuri, memsahib taandika barua. Mimi tapeleka kwa D.O., pasi yako napata sahihi mwaka mzima. Ikikaa vibaya, mimi hapana barua ya kupeleka."

"Itakaa," mzee akasema.

"Mama naendelea?"

"Anaendelea. Juzi alikula ugali."

Mambo mengine yote ya kivuli kile mzee aliyafanya sawa, na mimi niliona kwa macho yangu. Alikataa turubai nyepesi ambayo tajiri alitaka kuimaliza stoo. Akachukua ile nzito ya pamba, akaimwagia maji, akaitandaza juani siku tatu irudi yote inayotaka kurudi kabla ya kukatwa. Nikamuuliza kama tunaanika kitambaa au mahindi. Akasema, "Ikirudi hapa ni kazi. Ikirudi kule ni aibu." Uzi aliupaka nta ya nyuki, akausugua mpaka ukalia kati ya vidole. Mishono aliifanya mara mbili, na aliishusha kutoka ukutani kuelekea nje, ili maji yaifuate. Mishono ya tandiko la lori inakatiza, na mimi nilikuwa nimeanza kukata hivyo. Alinipiga kofi la mgongo, si kwa hasira.

"Lori linakimbia, wewe. Nyumba imekaa. Mshono ukikatiza, maji yatalala hapo kama mlevi."

"Na mlevi akilala, mzee?"

"Anaoza."

Lakini jambo alilolirudia mpaka nikachoka lilikuwa ukuta. Nyumba za Nakuru zimejengwa kwa jiwe letu lile la machimbo, la kijivu. Ni jiwe zuri, jepesi, unalikata kwa shoka. Na hapo ndipo shida ilipo. Lina matundu kama mkate, na likinywa maji linakuwa kama ugali uliolala. Msumari ukiupigilia unaingia raha, na unatoka raha vile vile. Kivuli kile kilikuwa na mikono mitatu ya chuma. Ile ya pembeni ilishikwa na boriti za paa, mbao ngumu, hizo hazikuwa na neno. Mkono wa katikati, uliobeba mota, ulikaa kwenye jiwe tupu. Mzee alisema huo lazima ushikwe kwa bolti nne ndefu, zitoboe ukuta mpaka ndani ya nyumba, na upande wa ndani ziwekewe bamba la chuma na nati, ili ukuta mzima ndio ubebe, si ngozi ya ukuta.

"Upande wa ndani ni wapi?" nikauliza.

"Sitingi rumu ya memsahib."

"Basi atatupa chai."

Hakucheka. Mtu kama sisi hakuingia sitingi rumu. Hata mpishi wa nyumba ile aliingia kwa viatu vya kitambaa na kutoka kinyumenyume. Mzee alimwambia tajiri azungumze na memsahib, tajiri akasema amezungumza. Sasa najua tajiri alisema neno "bolti", na memsahib akasema "ndio", na hakuna mmoja aliyesema neno "tundu".

Tulipanda Milimani kwa kazi hiyo siku tatu. Ya tatu ilikuwa Alhamisi. Asubuhi mzee alinipa bolti nne na bamba ndani ya gunia.

"Mimi naenda hospitali. Wewe utatoboa hizi nne. Mpaka upande wa pili. Ukifika, mpishi akufungulie, ufunge miguu kwa gunia usichafue, ukaze nati. Nikirudi tunapandisha mota."

"Nimesikia."

"Sema nimesikia bila kucheka."

"Nimesikia, mzee."

Nilikuwa nimeingia kidole kimoja kwenye jiwe kwa tindo wakati memsahib alipotoka. Hakuwa mtu mbaya. Nasema hivyo kwa sababu ingekuwa rahisi kwangu kama angekuwa. Alitaka kujua lile vumbi linaloingia ndani linatoka wapi. Nikamwonyesha bolti, nikamwonyesha kwa kidole itakapotokea.

"Hapana," akasema. "Mimi hapana taka tundu ndani ya nyumba yangu. Weka kama ile ingine. Nje tu."

Hapo ningeweza kusema, memsahib, ngoja mzee arudi. Ni maneno manne. Badala yake nilisimama wima nikampigia saluti na tindo, nikasema, "Memsahib, hata panya hataona tundu." Akacheka. Mzungu akicheka kwa maneno yako, miaka hiyo, unajiona umeongezwa kimo. Mpishi alikuwa mlangoni na taulo, mtu mnene wa upande wa ziwa, tulikuwa tumezoeana kwa kutukanana.

"Wewe utafungwa kwa huo mdomo," akaniambia memsahib alipoingia.

"Na wewe utafungwa kwa sukari unayobeba mfukoni."

"Sasa utafanya nini bila bolti?"

Nikamwonyesha. Nilichonga vigingi vinne vya mtarakwa mkavu, nikavigonga kwenye matundu mafupi mpaka vikakataa, kisha nikapiga skrubu nene ndani ya vigingi. Shambani tulining'iniza milango hivyo, na milango ilikaa. Nikapaka plasta kidogo juu, ikawa safi kuliko bolti. Nilijisifu. Bolti nikazirudisha kwenye gunia, gunia nikaliweka chini kabisa ya sanduku la vifaa.

Mzee alirudi saa saba, amechoka, ameacha mama nyumbani. Aliangalia ule mkono wa chuma, akapitisha kidole kwenye plasta.

"Umetoboa?"

"Mzee, nimetoboa mpaka nikaona Nairobi."

Hapo ndipo alipocheka. Kwa mwezi mzima nilikuwa namtafutia kicheko, na alikileta siku hiyo, meno yote. Angeingia ndani angeona. Lakini ndani ni sitingi rumu. Huwezi kumwomba memsahib uingie kuangalia kama kijana wako amesema kweli. Kwa hivyo alifanya alichofanya siku zote: tulipomaliza kupandisha mota, akashika fimbo ya mbele ya kivuli kwa mikono miwili, akainua miguu, akaning'inia. Mwili mzima. Alihesabu kimoyomoyo, midomo ikitembea. Vigingi vikavu kwenye jiwe kavu, siku ya jua. Havikusogea hata unywele.

Memsahib akabonyeza kitufe. Turubai ikatoka, ikaweka kivuli kwenye sakafu yote ya veranda, mpaka kwenye maua. Akabonyeza ikarudi. Akabonyeza tena. Alibonyeza kama mtoto. Kisha akaleta karatasi ya kusema kazi imekwisha na ni nzuri, na mzee akaweka kidole gumba, kwa sababu kalamu hakuijua. Mimi nilikuwa nikimtania kwa kidole hicho. Nilimwambia siku moja serikali itachoka na wino.

Tukateremka mjini na gunia langu lina uzito wa bolti nne.

Barua ya memsahib ilikuja. Tajiri akaipeleka kwa D.O., yule ofisa wa wilaya. Mzee akaambiwa angoje, pasi itatiwa sahihi mwisho wa mwezi.

Mvua ya mawe ilikuja kabla ya mwisho wa mwezi, alasiri, kutoka upande wa Menengai. Nilikuwa karakana, na mabati yalilia mpaka hatukusikizana. Ilikuwa imenyesha mvua ya kawaida siku tano kabla ya hapo. Wenzangu walitoka kuokota mawe wanatafuna. Mimi nilitafuna pia. Nakumbuka nilisema Mungu ameanza kuuza barafu. Sikufikiria ukuta. Mtu akiniuliza ni nini kinachoniumiza zaidi, ni hicho, kwamba nilikuwa nacheka na barafu mdomoni.

Yaliyotokea Milimani nilielezwa na mtunza bustani. Kivuli kilikuwa kimetolewa kwa ajili ya chai. Mawe yalipoanza, memsahib akakimbilia ndani, akamwita mpishi akirudishe. Mpishi akabonyeza. Turubai ya mzee haikuchanika, hata mshono mmoja haukufunguka. Ilibeba yale mawe yote, na mota ikawa inavuta mzigo ule kuelekea ukutani. Ukuta ulikuwa umekunywa maji siku tano. Mkono wa katikati ulitoka na vigingi vyake kama jino bovu, na mota ikaja nao, na chuma cha mbele kikamwangukia mpishi aliyekuwa amesimama pale pale kwenye kitufe. Kilimvunja nyonga na mguu mahali pawili.

Kesho yake tajiri alileta ule mkono wa chuma karakana, akauweka juu ya meza ya kukatia. Vigingi bado vilikuwa kwenye skrubu, vinne, vimevimba.

"Nani naweka miti?" tajiri akauliza.

Mzee aliushika. Akakivuta kigingi kimoja, akakinusa, kama mtu anavyonusa maziwa. Mtarakwa una harufu yake. Kisha akaniangalia. Hakuniangalia kwa ukali. Aliniangalia kama mtu anayesoma kitu kwa mara ya kwanza.

Nilingoja aseme. Nilikuwa nimeshaandaa la kujibu, nitasema memsahib alikataa, na ilikuwa kweli. Lakini ningesema hivyo, lingefuata swali la pili, kwa nini sikumwambia mzee, na jibu la swali hilo ndilo lilikuwa pasi yangu na lori langu. Nikafunga mdomo. Maisha yangu yote sijawahi kuufunga vile.

"Kidole kwenye karatasi ni cha nani?" tajiri akauliza tena.

"Changu," mzee akasema.

"Wewe naangalia bolti?"

"Sikuangalia."

Ilikuwa kweli pia. Alasiri hiyo hiyo sahihi yake ikakatwa. Lori la kwenda rizavu lilikuwa linaondoka Jumamosi. Ilikuwa Jumatano. Nilikuwa na Jumatano iliyobaki, Alhamisi na Ijumaa za kwenda kwa tajiri na kusema maneno machache. Mguu wa mpishi nao ulikuwa hospitalini, umefungwa kwa mbao. Siku zote tatu nilijua ninachotakiwa kusema, na siku zote tatu nilishona.

Ijumaa jioni nilienda kwao kusaidia kufunga mizigo. Chumba kilikuwa kimoja. Mama alikuwa amekaa kwenye godoro lililokunjwa, shuka mabegani, anakohoa kidogo kidogo kama mtu asiyetaka kusumbua. Mzee alikuwa anafunga sufuria kwa kamba.

"Ndiye huyu?" mama akasema aliponiona. "Karibu mwanangu. Mzee huwa ananiletea maneno yako. Ile ya Nairobi nilicheka mpaka nikakohoa."

Mzee hakugeuka. Aliendelea na kamba.

"Hebu sema lingine," mama akasema. "Kesho ni mbali."

Nikasema. Nilimwambia lile la mzungu wa Keringet aliyemfundisha mbwa wake Kiswahili, mpaka mbwa akakataa kubweka bila barua. Alicheka. Alishika kifua, akacheka. Mzee alikuwa amesimama na sufuria mkononi akituangalia, na nikaelewa kwamba hajamwambia. Hakumwambia mke wake ni nani aliyeweka vile vigingi. Nimefikiria sana kwa nini. Sidhani alikuwa ananisamehe. Nadhani hakutaka mama aende safari ile akiwa na kicheko kimoja kimepungua.

Nilipotoka alinifuata mpaka mlangoni. Akatoa ile ngozi ya kiganja mfukoni, akanipa.

"Ulisema umetoboa," akasema.

"Ndiyo, mzee."

Alingoja. Sikuongeza. Akarudi ndani.

Mama alifika rizavu mzima. Aliishi msimu mmoja wa mahindi, hakuuona wa pili. Niliambiwa na dereva wa lori, ambaye hakujua anamwambia nani. Mpishi alitembea tena, lakini kwa fimbo, na mtu wa fimbo habebi sinia. Memsahib alimpa blanketi na nauli. Mzee sijui yuko wapi.

Na mimi? Mimi nilipata sahihi. Nikawa fundi, kwa kuwa ndiye niliyekuwa nimekaa karibu naye zaidi.

Kama nusu mwaka baadaye memsahib aliagiza mota nyingine, na turubai ileile ya mzee, kwa sababu ilikuwa haina kasoro. Nilienda mwenyewe. Kulikuwa na mpishi mpya asiyenijua. Nilisimama mbele ya memsahib bila saluti, nikasema kwamba jiwe hili halishiki kitu, kwamba lazima nitoboe mpaka ndani, na kama hataki tundu basi sitaweka.

Nilidhani atanifukuza. Akasema tu, "Bas, toboa."

Nikatoboa. Nikafunga miguu kwa gunia, mpishi mpya akanifungulia, nikaingia sitingi rumu kwa mara ya kwanza. Mahali ambapo bolti zilitokea palikuwa na picha, kubwa kama mlango wa kabati, mzee wa kizungu na mbwa wawili. Tukaishusha. Nyuma yake rangi ya ukuta ilikuwa bado mpya, na bolti zangu zote nne zilikuwa zimetokea hapo katikati. Nikaweka bamba, nikakaza nati kwa nguvu zangu zote. Memsahib akasema turudishe picha. Tukairudisha. Ikafunika kila kitu, na nafasi ikabaki.

Picha hiyo ilikuwa hapo hata Alhamisi ile memsahib alipokataa tundu. Hakuna aliyeishusha akaangalia, na mimi sikuuliza.

Nikatoka veranda. Nikashika fimbo ya mbele kwa mikono miwili, nikainua miguu. Haikusogea. Memsahib alikuja na karatasi yake mkononi, akaniuliza kama imekwisha.

Nikamwambia bado, nikabaki nimening'inia.